Yunifomu Iliyopigwa Pasi

Jumatatu, 6 Oktoba
Shifti ya asubuhi nyumba ya wazee, kisha basi mpaka nyumbani, Thornton Heath. Nimefunga nyuzi mpya za gitaa, kimyakimya. Sijalipiga tangu tumzike kaka Salim. Wifi, mkewe, yumo ndani anakaa eda. Nyumba moja, ukuta mwembamba. Ile baa ya Croydon imepiga simu: Jumamosi bado naja? Miaka yote naimba blues pembeni, watu wakila chipsi. Sasa wananipa jukwaa zima. Nimekubali kabla sijafikiri.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimemwambia wifi Jumamosi nina shifti ya usiku. Uongo umetoka bila hata kukwama. Ndugu yangu kaburini, mie nachagua wimbo wa kuanzia. Najichukia.

Jumamosi, 11 Oktoba
Wifi kanipigia pasi yunifomu ya kazini. Kanifungia na chapati, nisikeshe na njaa kwa wazee wangu. Nimepokea vyote. Gitaa nilishalitoa jana, alipokuwa anaswali.

Jumapili, 12 Oktoba
Baa ilijaa. Katikati ya nyimbo nikawasimulia habari za Salim: alivyoninunulia gitaa la kwanza, alivyodai blues ni kelele, kisha nikamfuma bafuni anaimba wimbo wangu kwa sauti ya chura. Wakacheka. Nikaimba wimbo niliomtungia. Wakalia, wakasimama. Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma, nilifurahi mno.

Chapati nimerudi nazo.

Jumanne, 14 Oktoba
Wifi alichukua yunifomu aifue. Mistari ya pasi yote ipo. Kwenye mkoba, chapati zake. Chai kaniwekea, hakukaa. Njia ya mwongo fupi, na yangu haikufika hata jikoni.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimemweleza yote. Nilingoja anilaumu kwa baa, kwa muziki msibani.

"Eda nakaa mie, wifi. Wewe nani kakufunga?"

Akaendelea kukunja nguo. Halafu:

"Watu wa Croydon wote washamsikia mume wangu. Mie bado."

Bora angenitukana.

Alhamisi, 16 Oktoba
Jioni mlango wake ulikuwa wazi. Nikakaa kizingitini na gitaa. Nilianza na habari ya bafuni. Akacheka, akasema kumwita chura ni kumpendelea. Kisha nikauimba ule wimbo wake, chinichini. Ubeti wa pili ukanishinda. Wifi hakuniharakisha. Chai aliyotuwekea ikapoa.