Mpini Usio wa Asili

Laurel, 14 Mei 2006

Mume wangu Baba Vumilia,

Tumsifu Yesu Kristo. Tangu uniambie umepata viza ya kunifuata huku, rozari haitoki mkononi mwangu.

Mzee Walter ninayemhudumia bado anakusanya bastola za kale. Jumamosi ya wiki iliyopita alikuja mnunuzi, akaisifu moja mpaka mate yakamtoka. Mzee akamwambia, "Mpini huu si wa asili. Ule wa kwanza ulivunjika, nikautia huu." Yule bwana akairudisha mezani, akaaga.

Nikamuuliza, "Mzee, si ungenyamaza tu?"

Akacheka. "Mama, kubadilisha si dhambi. Dhambi ni kumwacha mtu agundue mwenyewe akishafika nyumbani."

Tangu siku hiyo nayawaza maneno yake. Baba Vumilia, Februari nilipokuandikia kwamba nina mafua, nilikuwa hospitali. Nilikuwa na saratani, wakaniondolea titi la kushoto. Madaktari wanasema nimepona, Mungu ni mwema. Ninalovaa sasa ndani ya sidiria ni la bandia. Nilipanga usijue mpaka ufike, na hata ukifika sikujua ningeanzia wapi.

Hapa mvua zinanyesha, na Adela wa kwaya anakusalimu.

Tiketi yako ni ya Juni, una muda wa kufikiri. Nilitaka kuandika kwamba usipokuja nitaelewa, lakini huo ungekuwa uongo wa pili.

Mkeo,
Mama Vumilia