Kigurudumu cha Dripu

Jumanne, 12 Mei
Mke wa mwanangu kashikwa na uchungu. Nyumba haikaliki! Kila akibanwa anashika ukuta na kumwita mama yake. Mimi nipo hapa hapa, nguo za mjukuu nimeshazipiga pasi — haniiti. Nimemwambia nilizaa watano na jirani hawakusikia sauti yangu. Kanuna. Jioni tumempeleka hospitali.

Jumatano, 13 Mei
Bado! Njia haifunguki. Mkunga, kibinti chenye kucha ndefu kuliko akili, kampasua chupa ya uzazi asubuhi. Maji yakatoka, uchungu ukabaki wa kusuasua. Sasa wamemtundikia dripu ya kuongeza uchungu. Kuongeza! Kwani uchungu ni chumvi? Mwanangu kaulizwa, kaitikia. Yeye bendera tu, hufuata upepo.

Tunaingia kwa zamu. Zamu ya mama wa mke wa mwanangu, kafika asubuhi — analia. Mtu mzima ovyo! Zamu yangu, binti anatweta, eti uchungu umekuwa mkali, hawezi tena. Mkunga anasema ndivyo inavyotakiwa, dripu imeanza kazi. Akaenda kitanda cha pili.

Kwenye mpira wa dripu kuna kigurudumu. Nilimwona mkunga akikisogeza kwa kidole. Hiyo ndiyo elimu waliyosomea miaka! Nikakibana mpaka matone yakakoma. Haukupita muda binti akatulia. Akanishika mkono. “Asante, mama.” Hajawahi kuniita mama, huyu.

Jumatano hiyo hiyo, alasiri
Benchi la korido. Daktari katoka. Mtoto yuko salama tumboni, ila uchungu umefifia na njia imekwama pale pale. Eti dripu imeshindwa, binti akapasuliwe. Dripu imeshindwa! Daktari mzima, miwani mbili usoni na kichwani, hata kuinama kutazama mpira hawezi.

Mkunga anaapa alifungulia matone kwa mkono wake. Daktari kamkaripia mbele za watu. Kibinti kinalia. Kilie tu, kazi ya kulia wanaiweza wote humu.

Mama yake binti halii tena. Kaniambia polepole, alipotoka yeye mwanawe alikuwa kwenye uchungu mkali. Nilipotoka mimi, alikuwa amelala. Nikamwambia ana mdomo mrefu.

Kitanda cha magurudumu kimeletwa mlangoni.

Nikisema, wataifungulia dripu, labda kisu kisihitajike. Nikisema, mwanangu atanitazamaje?

Kashika karatasi ya idhini, hana kalamu. “Mama, nipe hiyo nisaini.” Nimemwambia asubiri, bado naandika.