Kinara ya Helisi

Siku ya Mungu, 2/6/2024

Hyacinthe amenikasirisha. Prezida wa shirika yetu ya kanisa hapa Songo! Anasimama mbele ya wamama, anasema Mzee Gédéon atuletee ile shandelie yake siku ya posho, tarehe 8. Nikasimama na minye. Nikamuambia hakuna shandelie hapa, jina yake ni kinara. Wakacheka. Yeye anasema, Papa, si ni kitu kimoja? Hapana. Weye ulisoma mpaka institut, lakini ni minye niliitengeneza. Kinara maana yake ni kitu inashika buji, mushumaa, isimame. Isianguke. Basi.

Boti moja ilikufa kule bandarini Kalundu, nikatoa helisi yake, ile chuma inazunguka mu maji. Yale mapanga yake matatu nikayapiga nyundo, nikayageuza miguu. Pale pa kupitia chuma ya moteri, ndipo buji inaingia. Kama iko fundi mwengine Uvira mwenye anaweza — aje anionyeshe mikono! Ku Pasaka inaenda kanisani. Ku ndoa inaenda. Na wafu wote wa Songo wamelala na kinara yangu ku kichwa. Wakimaliza wananirudishia.

Lakini siku ya posho hakuna ndoa. Pasaka imepita. Wanataka kuiweka pembeni ya picha ya Félicien.

Félicien ni mutoto yangu. Hajafa.

Siku ya pili, 4/6

Claudette amekuja, bibi ya Félicien, mukwe yangu. Nikamupa kiti, akakataa kukaa. Anasema boti ilizama mwezi wa ine, Papa, na wengine wote maji iliwarudisha, tukawazika. Nikamujibu: wengine! Félicien anaogelea kupita samaki, ni minye nilimufundisha. Pengine iko ng'ambo, Burundi. Anagonjwa, hana simu.

Halafu akauliza: "Sasa minye niko nani, Papa? Mujane, ao bibi ya muntu?"

Mpaka matanga ile ya siku ya posho ifanywe, dada za Félicien wanamukataza kunyoa kichwa. Wanamukataza kurudi soko kuuza samaki ya ndagala. Watoto wanakula kwa majirani. Nikamuambia angojee.

Hakuuliza angojee nini. Afazali angeuliza, ningemukaripia.

Sikula leo.

Siku ya ine, 6/6

Mama Consolée amefariki asubuhi. Jirani muzuri. Bibi yangu alipokufa, ni yeye alikuwa ananiletea sahani ya sombe.

Hyacinthe amekuja kuomba kinara. Nikakataa. Najua akili yao! Ikitoka mulango huu, watasema tuiache kule mpaka siku ya posho. Akaniangalia sana. Hata kwa Consolée, Papa? Nikamuambia hata kwa Papa mutakatifu. Ndipo akageuka kwa watu wa barabarani: Mzee anasema kinara yake haijapata viza! Vicheko. Nikafunga mulango.

Wamemuwekea buji mu glasi ya mchanga. Sikuenda kumulilia. Maiti ya kwanza hapa Songo bila kinara yangu, na ni Consolée. Minye Gédéon! Haya kabisa.

Siku ya tano, 7/6

Nimeisugua na majivu na ndimu. Inang'aa. Hakuna mwenye ataiona.

Siku ya posho, 8/6

Wameanza bila minye. Nilisikia nyimbo, nikaenda kwa Claudette kuwasimamisha.

Picha iko juu ya kiti, ile amevaa chemizi nyekundu, siku ya ubatizo wa mutoto wake Divine. Anacheka. Na pembeni — buji mu kopo ya tomati! Kopo nyepesi vile, mchanga kidogo. Buji imeinama, nta inamwagika upande wa picha. Nikasema muzime. Claudette peke yake akasema, bila kugeuka: "Kama hautaki, Papa, rudi nyumbani. Lakini leo ninamaliza."

Nikarudi nyumbani. Nilienda kuchukua kofia tu. Nimekuja tena, kofia sikuileta, ni kinara iko mu mikono.

Nimekaa nyuma kabisa, karibu na mulango. Ninaandika hapa hapa, karatasi juu ya goti moja, kinara juu ya ingine. Hyacinthe ameniona. Hakucheka.

Buji imeinama tena. Claudette ameinyoosha na vidole, nta ikamuchoma, akatia kidole mu kinywa. Ameacha. Inainama. Itaangukia picha! Itachoma uso. Haiwezekani kuweka buji hivi, hata mutoto anajua.

Félicien, weye uko wapi?

Wamenyamaza kuimba. Claudette anakuja huku. Amesimama mbele yangu, ananyoosha mikono. Nimemuambia iko nzito, ashike na mikono yote mbili. Ameshika.

Na minye sijaachilia bado, ninashika na mukono wa kushoto, wa kuume unaandika.