Nilibadilisha kondansateri, papa mukwe anafikiri masikio yake yamekufa

Mama Léonie mupendwa,

Naomba unisaidie, na kama ni kunicheka, unicheke mwishoni. Mimi ni Florent, natengeneza maredio hapa Katoyi, na nimemudanganya papa mukwe wangu, muzee Nsengimana, mutu ambaye hata kumutazama usoni naona aibu. Muzee ana ampli ya zamani ya kukuza sauti, ile ya malampe ya kioo, na kila siku ya yenga akitoka misa anaweka kaseti ya marehemu muke wake, mama Emerance, akiimba peke yake mbele ya korali kule Rutshuru, na nyumbani hakuna anayeongea mpaka iishe. Sasa siku moja aliniomba nipanguze vumbi na kubadilisha fishi ya umeme, basi, akaenda misa na muke wangu Joviale, mimi nikafungua, nikawasha, nikakuta lampe moja bamba lake la ndani limeiva nyekundu, nikapima, nikaona kondansateri, vile vipande vidogo vinavyopitisha sauti kutoka lampe moja kwenda nyingine na kuzuia umeme mukali, vimechoka, vinavujisha, na mimi nilikuwa na vine vipya kutoka Kampala, vile ambavyo kwenye mutandao watu wanaapa kwamba vinasafisha sauti kama kioo, nikajiambia Mungu amepanga, nikatoa vya zamani, nikasude vipya vyote kwa risasi ya moto bila kuuliza mutu.

Muzee akarudi, akaweka kaseti. Beti ya kwanza haijaisha, akageuza kichwa.

"Florent, umegusa kitu huko ndani?"

"Hapana papa, nimepanguza vumbi tu."

Akagonga sikio kwa kidole. "Basi ni masikio yangu. Huyu si Emerance."

Tangu siku ile ameacha korali ya wazee, anasema ataharibia wengine wimbo, na amemuomba Joviale amupeleke kwa munganga wa masikio juma hili. Mimi naapa sauti ya sasa ni nzuri zaidi, hata pumzi za mama unazisikia. Joviale anasema sauti ni ile ile tu. Nirudishe vya zamani kimya kimya, ao niseme?

Florent, Katoyi

*

Florent mwanangu,

Nimekucheka mwanzoni, unisamehe. Katika nyumba hiyo kuna mutu mumoja tu mwenye masikio mazima, na ndiye unamuacha apelekwe kwa munganga! Muzee amesikia vipande vine ukubwa wa karanga vimebadilika. Wewe umesikia mambo uliyosoma kwenye simu.

Nimemuuliza Modeste, fundi wa redio yetu. Anasema kuvitoa ulifanya vizuri. Kipande kinachovujisha kinaunguza lampe, na lampe ya namna hiyo utaitafuta mpaka uzeeke. Kwa hiyo vya zamani havirudi, hata kimya kimya. Hapo nakupigia makofi. Lakini kumuacha baba wa watu aache kuimba kwa sababu wewe umeogopa kusema "ndiyo, niligusa"? Hapo ningekuwa karibu ningekuvuta sikio.

Leo jioni, kabla ya munganga, nenda na Joviale. Beba vile vine vya zamani mukononi. Useme: "Papa, nilikudanganya. Masikio yako ni mazima." Uanze na hayo, habari ya umeme kuvuja ikuje nyuma, akiuliza. Atakasirika. Muache akasirike mpaka amalize, usimukate neno.

Kisha muombe ruhusa ya kumutafutia tena sauti aliyoizoea. Modeste anasema tafuta aina mbili tatu za kondansateri za kawaida, kipimo kile kile kilichoandikwa kwenye vya zamani, na volti zisipungue. Chomoa fishi, ngoja, na utoe umeme uliobaki ndani ya kondansateri kubwa, maana sitaki kumuandikia Joviale barua ya pole. Badilisha, umuite muzee, weka kaseti. Joviale ndiye aandike ni vipi vilivyo ndani, muzee asijue, achague kwa masikio tu, na wewe funga kinywa. Usimuambie "papa, sikia pumzi". Yeye ndiye aliishi na hizo pumzi.

Na akichagua vile unavyoona ni vya ovyo kabisa, sude vizuri, funga kifuniko, useme: "Ndiyo, papa."

Mama Léonie