Nyaya Zilizoingia Sawasawa

3 Machi

Mwanangu Injinia,

Hujambo, na nyumba inaendeleaje? Mimi mzima, ila miguu inavimba kwa kusimama. Kiwanda kinashona sare kutwa nzima, na mimi nimewekwa kwenye vifungo kama mtu aliyeshika sindano jana. Sasa sikiliza. Mkuu wa ukataji anastaafu. Nimemwambia msimamizi nina paterni za miaka kumi na moja, michoro ya kukatia nguo niliyochora mwenyewe, sare za shule, za wauguzi, makoti, kila kipimo. Akasema, "Zilete nizione mwisho wa mwezi."

Zimo kwenye kompyuta yangu, folda ya KAZI. Nakala nyingine sina, basi nitumie zote. Michezo yako cheza, sikukatazi, lakini mashine ile niliinunua ikiwa imeshaungwa tayari, usiifungue. Nakujua mimi. Ulitengeneza pasi yangu ukavimba kichwa mwezi mzima.

Shangazi yako

19 Machi

Shikamoo Shangazi,

Natumaini miguu imepata nafuu. Huku salama, ila kuna jambo, na sijui nianzie wapi. Umeme ulipiga. Jumamosi mchana kompyuta ilikuwa imewashwa tu, wala sikuwa nafanya chochote, soketi ya nyuma ya meza ikalia tak, kukanuka, kompyuta ikazima. Fundi wa kompyuta anasema diski imeungua na folda ya KAZI haitoki. Nadhani ni nyaya za ukutani. Si unajua zilifungwa zamani.

Pole sana, Shangazi.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Ukiuliza hali, nakula na nalala. Nilimwambia msimamizi paterni zimeungua, akanitazama kama mwalimu anayeambiwa daftari limesahaulika nyumbani. Nafasi kapewa mwingine. Mimi nipo palepale kwenye vifungo.

Wewe usijilaumu, kwani ulifanya nini? Aliyefunga umeme nyumba ile ni Taratibu, na nimempigia simu. Miaka yote namsifia kwa watu, fundi asiye na haraka, anayeandika jina na tarehe kwa penseli nyuma ya kila soketi ili ijulikane kafunga nani. Nimemwambia kumbe taratibu yake yote ilikuwa ya kutuchomea nyumba. Na akina mama wa chama chetu cha ushonaji nimewaambia wasimwite tena. Yeye kajibu tu, "Nitakuja kuangalia." Je, alikuja?

Shangazi yako

21 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Alikuja. Amefungua soketi zote saba na kubadilisha nyaya, kazi ya siku mbili. Mimi nilimshikia tochi. Chai hakunywa. Kwenye kompyuta alisimama kidogo, akainama, akanusa, akaendelea na kazi. Safari hii hakuandika kitu nyuma ya soketi. Nilipomkumbusha penseli alisema kaiacha nyumbani, na ilikuwa sikioni mwake.

Mwanao

14 Mei

Mwanangu,

U mzima kweli? Zamani ulinijazia kurasa nne kwa habari za michezo tu, sasa barua yako haifiki hata nusu. Kama ni paterni, yaliyopita yamepita.

Nasikia shule imemnyima Taratibu kazi ya madarasa mapya. Mke wa mwalimu mkuu yumo chamani kwetu. Sawa, atajifunza. Niandikie, Injinia wangu.

Shangazi yako

7 Juni

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeichana mara nne. Isome ukiwa umekaa.

Umeme haukupiga. Niliifungua mashine. Nilinunua kadi ya picha ili mchezo wa magari utoke vizuri, na kadi ile inakula umeme mwingi kuliko pawasaplai ndogo iliyokuja na kompyuta, lile sanduku la ndani linalogawa umeme. Nikanunua kubwa. Ilikuja na nyaya zake kwenye mfuko. Lakini za zamani zilikuwa zimeshapitishwa kwa nyuma, zimefungwa vizuri mpaka kwenye diski, na kuzitoa ni kazi. Nikajaribu vichwa vyake kwenye sanduku jipya. Vikaingia sawasawa. Nikasema kumbe, Injinia mimi. Kumbe kila kiwanda hupanga nyaya zake kivyake, hata vichwa vikifanana. Pa volti tano pakapita kumi na mbili. Niliwasha mara moja tu. Onyo lenyewe liko kwenye karatasi ya maelezo, ukurasa wa kwanza, na mfuko wa nyaya mpya sijaufungua mpaka leo.

Barua yako ya paterni ilikuwa mezani siku hiyo. Nilitaka nicheze kwanza, ndipo nikutumie.

Kisha nikamsingizia mtu. Jana nilimwona Taratibu akibandika karatasi ya kutafuta kazi kwenye nguzo, ananyoosha kona moja moja. Aliponiona akanisalimia vizuri tu. Shangazi, naona aibu hata kupita barabara ile. Usiniite Injinia tena.

Mwanao, kama bado

22 Juni

Mwanangu,

U mzima? Nimekaa wiki mbili sikuandika kwa hasira, na hasira hiyo ni haki yangu. Paterni nitachora upya, mkono haujaungua. Ila nilimpigia Taratibu kumwomba radhi. Akasema alijua siku ileile: alinusa diski, na ubavu wa kompyuta ukiwa bado wazi, akaona sanduku jipya limeungwa kwa nyaya za zamani. Nikamuuliza, sasa za ukutani ulibadilisha za nini ikiwa ni nzima? Akasema, "Ulisema mbovu." Na mbona hukuniambia? Akasema, "Ulinipigia ukiwa umeshaamua."

Miaka kumi na tano namjua, na sikumuuliza hata swali moja. Wewe ulidanganya, lakini mimi ndiye niliyetangaza. Aibu hii tugawane.

Akina mama nimewaandikia. Nawe nenda ukawaambie kwa mdomo wako, kisha mwalimu mkuu, kisha Taratibu. Usiende na maneno mengi.

Shangazi yako

6 Julai

Shikamoo Shangazi,

Mimi mzima, na miguu yako naiombea. Akina mama nimewaambia. Mmoja alicheka, wengine hawakucheka, na hao ndio walionitoa jasho. Mwalimu mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema madarasa yameshafungwa umeme na fundi mwingine. Hilo siwezi kulirudisha. Nilimpelekea Taratibu habari hiyo mwenyewe, akasema anajua.

Nikamwomba aje nyumbani. Alikuja Jumapili mchana. Nilifungua soketi zote saba, yeye kakaa kwenye kiti ananitazama, kisha nikampa penseli. Akaishika, akanirudishia. "Andika wewe. Tochi ulishika wewe."

Nimeandika jina lake na tarehe nyuma ya kila kifuniko, mara saba. Kwenye kile cha nyuma ya meza nimeongeza: nyaya zilizotolewa hapa hazikuwa na kosa. Alisoma, akasema mwandiko wangu mbaya. Kisha akauliza kama kuna chai.

Mwanao