Figa Lililopasuka

Jumatatu, 4 Agosti
Nimewafundisha Kidato cha Tatu leo: lava, mwamba ulioyeyuka, inayotoka chini ya bahari. Nusu yao bahari hawajaiona. Maji ya baridi huigandisha ngozi ya nje papo hapo, ikawa kama kioo. Ndani bado moto. Nje inasinyaa, ndani bado, basi inapasuka vipande vyenye makali. Vipande hulundikana, hushikana, huwa mwamba mpya. Wameelewa. Nimejisifu kimoyomoyo.

Jumanne, 5 Agosti
Mafiga yamefika kwa basi, kaka yangu kayatuma kutoka Masasi. Mawe matatu ya mlimani. Hapa Newala ni mchanga mtupu. Mama mkwe kafurahi kama kaletewa kitenge. Mume wangu, Baba Rehema, hayupo, yuko shambani Makote anapulizia mikorosho salfa, dawa ya ukungu.

Alhamisi, 7 Agosti
Jana jioni mbaazi ziliiva. Mama mkwe akamwagia moto maji kuokoa kuni, kama siku zote, sufuria ikiwa bado juu. Figa moja likalia kama bunduki, likapasuka. Sufuria ikamwagikia miguuni pake. Ngozi imetoka. Nilikuwa pale pale, nachambua mchele. Ule mlio hauniishi masikioni.

Jumamosi, 9 Agosti
Wodini. Wifi yangu Somoe anasema waziwazi, mawe yangu yalikuja na kitu. Mama hapokei uji wangu. Nimeumia. Na hasira ninazo. Mimi mchawi?

Jumapili, 10 Agosti
Nimemweleza Mama taratibu, Somoe akisikia. Jiwe la moto, maji ya baridi, nje ikasinyaa ghafla. Ndivyo lava inavyovunjika baharini, nikasema, hata Jumatatu nimeifundisha. Somoe akainamisha uso. Nikaona nimeshinda.

Mama akanigeukia.

"Mama Rehema, kumbe ulikuwa unajua. Ukakaa unaniangalia namwaga maji?"

Pale jikoni lile somo halikunijia akilini hata kidogo, naapa. Lakini nani atakubali? Mimi mwenyewe sikubali.

Alhamisi, 14 Agosti
Mama karudi nyumbani. Uchawi hautajwi tena. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, uso ukutani. Somoe ndiye anayempikia. Nimefua shuka zake, nimeanika.