Cheni ya Pikapu ya Njoroge

Alhamisi, baada ya chakula cha jioni

Naandika hii mikono bado ina grisi.

Leo nimefunga cheni mpya ya taiming, ile inayofanya valvu na pistoni ziende pamoja, kwa pikapu ya ndugu yangu Njoroge. Kesho anaenda kumtoa Mama kule Subukia, aje kufanyiwa operesheni ya jicho hapa Nakuru. Siku nzima Njoroge amenisumbua. "Wambui, washa tu! Alama za cheni si zimelingana?"

Kwa macho zilionekana zimelingana. Lakini kwanza nikazungusha injini kwa spana, polepole. Ikakwama. Kama ningewasha, valvu zingegonga pistoni na hiyo injini ingekuwa kwisha.

Nikafungua tena. Cheni ilikuwa imeruka jino moja nilipoikaza. Njoroge akanishikia tochi.

Nikarudisha alama mahali pake, nikazungusha, ikaenda laini. Nikampa ufunguo. Akanirudishia haraka.

"Washa wewe," akasema. "Mimi naogopa."

Sikumwambia kwamba hata mimi naogopa.

Niliwasha nikiwa nimebana pumzi. Ikanguruma mara moja. Njoroge akakaa chini kwa changarawe, akampigia Mama simu. "Jitayarishe, Mama. Nakuja kesho." Halafu akageuka upande ule mwingine ili nisimwone akilia.